Heinrich Simba au Barbarossa: ukitaka kuwasoma watawala wa zamani wa Ujerumani uanze na nani?

Historia ya watawala wa zamani wa nchi za Wajerumani inachosha mlangoni kabisa. Unafungua tu unakutana na Heinrich kibao, Friedrich kibao, Otto hawaishi, kila mmoja ni duke wa sehemu ambayo hujawahi kuisikia, ukifika ukurasa wa nne umeshafunga umeenda kulala. Mimi ilinitokea hivo mara mbili. Mara ya tatu nikasema nashika mtu mmoja namfuata toka anazaliwa mpaka anaingia kaburini, wengine watakuja wenyewe kupitia yeye, na hapo ndo mambo yakaanza kueleweka. Kwahiyo kabla hujatafuta cha kusoma amua kwanza unamshika nani.

Nakuletea watatu wa karne ya 12, wote wa kipindi kimoja na wote ni ndugu. Heinrich, wenyewe wanamwita der Löwe yaani Simba, duke wa Saksonia na baadae Bavaria pia. Friedrich, ambaye Waitaliano walimpa jina la Barbarossa kwa sababu ya ndevu zake nyekundu, alianza kama duke wa Swabia akawa mfalme afu kaisari. Na Leopold wa tano, duke wa Austria, huyu ni wa pembeni kidogo ila ana kisa kimoja mtu ukihadithiwa huamini.

Neno duke lisikutishe. Kijerumani ni Herzog, na asili yake ni mtu anayetangulia mbele ya jeshi. Ni mtawala wa jimbo kubwa, ana askari wake, anaamua kesi, anatoza ushuru, ana wakubwa wadogo walio chini yake, ila juu yake kuna mfalme, na huyo mfalme amechaguliwa na hao hao wakubwa, afu akitaka aitwe kaisari lazima asafiri mpaka Roma papa akamvishe taji. Hilo la kuchaguliwa lishike vizuri maana usipolishika utashangaa mbele huko kwanini kaisari mzima anambembeleza mtu. Alikuwa anabembeleza kweli, ndo kazi yenyewe ilivyokuwa.

Sasa ukoo, na hapa sisi tuna faida. Mama yake Barbarossa anaitwa Judith, ni dada wa baba yake Heinrich. Kwahiyo baba yake Heinrich ni mjomba wa Barbarossa na hawa wawili ni mabinamu damu kabisa. Upande wa pili baba yake Barbarossa alikuwa na wadogo zake, mama mmoja baba mbalimbali, mmoja ni Otto askofu wa Freising na mwingine ni Heinrich Jasomirgott wa Austria, na Leopold ni mtoto wa huyo Jasomirgott. Vitabu vingi vinasema wote ni binamu tu basi, ila kwa hesabu za kwetu Leopold ni mtoto wa baba mdogo, yaani ni mdogo wake Barbarossa hamna mjadala, na Heinrich ndo binamu, mtoto wa mjomba. Na bado haijaisha, baba yake Heinrich alipofariki 1139 mjane wake akaja kuolewa na Jasomirgott, kwahiyo Jasomirgott ni baba wa kambo wa Heinrich, na huyo baba wa kambo ndo akapewa Bavaria ambayo Heinrich anasema ni mali ya marehemu baba yangu. Ukiona hapo ni kama kesi ya shamba la urithi huko kwetu basi umeshaelewa nusu ya karne ya 12.

Barbarossa alichaguliwa mfalme Frankfurt tarehe 4 Machi 1152, na sababu moja iliyomsaidia ni hiyo damu ya pande zote mbili, baba Staufen mama Welf, koo ambazo zilikuwa haziivi. Watu wakaona huyu atatupatanisha. Na kweli 1156 akaimaliza kesi ya Bavaria kijanja sana, Heinrich akarudishiwa Bavaria, Jasomirgott ili asione kaonewa Austria yake ikapandishwa ikawa jimbo kamili la duke, tena akapewa na masharti manono, mfano mtoto wa kike anaweza kurithi. Kila mtu akaondoka na kitu. Kwa kupatanisha wakubwa bila damu kumwagika hapa Barbarossa nampa maksi zote, binamu yake Heinrich asingeweza hiyo kazi hata angepewa miaka mia.

Heinrich yeye alikuwa mtu wa hela. Simsemi vibaya, na kwangu mimi ndo sababu ya kwanza ya kuanza na yeye, ukimfuata Heinrich unaona hela ilikuwa inatembeaje, na katika nchi ile wakati ule hela kubwa ilitembea pamoja na chumvi. Chumvi ndo friji ya wakati huo, bila chumvi hamna samaki wa kufika mbali hamna nyama ya msimu wa baridi. Sasa yule Otto wa Freising, baba mdogo wa Barbarossa, alikuwa na daraja sehemu inaitwa Föhring juu ya mto Isar, mikokoteni ya chumvi toka Reichenhall inapita pale na ikipita inalipa. Heinrich akaja akaliharibu lile daraja, akaweka la kwake pembeni kidogo upande wa juu wa mto, na soko, na mashine ya kutengeneza sarafu. Askofu akaenda kulia kwa mtoto wa kaka yake. Tarehe 14 Juni 1158 huko Augsburg Barbarossa akaamua, soko libaki kwa Heinrich ila askofu awe anapata theluthi ya mapato. Ile sehemu ndo München. Mpaka leo mji unahesabu tarehe hiyo kama siku yake ya kuzaliwa, yaani mji mkubwa kuliko yote Bavaria cheti chake cha kuzaliwa ni hukumu ya kesi ya uharibifu wa mali.

Kinachonichekesha zaidi huyo Otto ndo huyo huyo aliyeandika habari za miaka ya mwanzo ya utawala wa Barbarossa, kwa hiyo sehemu kubwa ya tunachojua kuhusu Barbarossa wa mwanzoni kimetoka kwa baba yake mdogo. Mwandishi msomi sana, alisoma Ufaransa, ila usisahau anamwandikia mtoto wa nyumbani. Alikufa Septemba 1158, miezi mitatu tu baada ya ile hukumu ya daraja.

Kaskazini Heinrich alifanya yale yale. Mtawala wa Holstein, Adolf, mwenye cheo cha Graf, alikuwa ameanzisha mji wa Lübeck mwaka 1143 karibu na bahari ya Baltiki na ukaanza kuchangamka. Heinrich akalalamika kwamba mji wake wa Bardowick unakosa wateja, akafunga soko la Lübeck, na visima vya maji ya chumvi vya Oldesloe ambavyo vilikuwa vinashindana na chumvi yake ya Lüneburg akaviharibu. 1157 Lübeck ikaungua. Wafanyabiashara wakamwomba sehemu nyingine, akawajengea mji jirani akauita mji wa Simba (si mnaona jamaa anavojipenda) lakini mto pale ulikuwa haufai, meli kubwa haziingii, mji ukafa kabla haujaota meno. Mwisho Adolf akachoka akamwachia kiwanja cha Lübeck, 1159 ukajengwa upya, na mara ukawa mzuri, ukapewa haki, akaalika watu wa nchi za kaskazini na Urusi waje kufanya biashara, 1161 akawapatanisha Wajerumani na wafanyabiashara wa kisiwa cha Gotland. Baadae kabisa Lübeck ndo ikaja kuwa kichwa cha Hansa, ule umoja wa miji ya biashara. Kwahiyo ukiulizwa Heinrich alikuwa mjenzi au mharibifu jibu ni kwamba alikuwa anaharibu cha mwenzie mpaka kiwe chake, kikishakuwa chake anakitunza.

Barbarossa naye alitafuta hela ila yeye aliitafuta Italia. Mara sita alivuka milima ya Alpi kwenda huko, mara nyingi na jeshi. Miji ya kaskazini mwa Italia ilikuwa tajiri, Milano hasa, na kwa makaratasi ilikuwa chini yake, ila kwa vitendo ilikuwa inajitawala. Mwaka 1158 akaitisha mkutano Roncaglia, akawaweka wanasheria wanne wa Bologna wamwambie haki za kaisari ni zipi, wakamwambia ni karibu kila kitu, ushuru wa barabara, mito, sarafu, kuteua viongozi. Miji ikakataa. 1162 Milano ikasalimu amri baada ya kuzingirwa muda mrefu, watu wakatolewa nje na mji ukabomolewa, na yale masalia yanayosemekana ni ya wale Mamajusi watatu yakachukuliwa yakapelekwa Köln 1164, yapo kwenye kanisa kuu mpaka leo na mahujaji bado wanakwenda.

Halafu akagombana na papa Alexander wa tatu, akawa anaunga mkono mapapa wake mwenyewe, mgogoro ukachukua karibu miaka 18. 1167 akaingia Roma akiwa juu kabisa, wiki chache tu ugonjwa ukaingia kambini ukafyeka jeshi, akiwemo Rainald von Dassel askofu mkuu wa Köln aliyekuwa mtu wake wa karibu kuliko wote. Kama unapenda siasa nzito, mapapa wawili kwa mpigo, mikataba inavunjwa na kusainiwa tena, basi Barbarossa ndo wako. Mimi sehemu ya Italia huwa inanichosha nakiri, miji ni mingi mno na kila mmoja ana ugomvi na jirani yake, usipokuwa na ramani pembeni unapotea.

Ila kuna kitu kimoja cha Barbarossa nakipenda kuliko vita zake zote. Alitoa sheria ya kuwalinda wanafunzi wanaosafiri kwenda kusoma mbali, na moja ya vipengele ni kwamba mwanafunzi asikamatwe wala asinyang'anywe mali kwa sababu ya deni la mtu mwingine wa kwao. Kumbe kabla ya hapo ukienda kusoma Bologna, mtu wa kijiji chenu akikopa akakimbia wanakuja kukubana wewe. Mtu yeyote aliyewahi kusoma ugenini atajua hiyo sheria ina uzito gani.

Na sherehe pia. Pentekoste ya 1184 huko Mainz aliwafanyia wanawe wawili sherehe ya kuwa mashujaa wa farasi, watu walikuja wengi mpaka ikajengwa mji mzima wa mbao na mahema nje ya Mainz, waandishi wa wakati ule wanataja idadi za makumi elfu, punguza mwenyewe. Upepo ukaja ukaangusha majengo mengine na kuua watu. Miezi miwili mbele, Julai 1184, mwanawe Heinrich aliyekuwa tayari mfalme alikuwa Erfurt anasuluhisha ugomvi, watu wamejaa ghorofani sakafu ikakatika, wakapitiliza mpaka kwenye shimo la choo chini, kama 60 wakafa humo. Mfalme alipona kwa sababu alikuwa amekaa pembeni kwenye dirisha la ukuta wa mawe. Hii siyo hadithi, imeandikwa na watu wa wakati ule, na ndo aina ya kitu kinachokufanya usifunge kitabu.

Tuje kwenye ugomvi wenyewe maana hapa ndo unaweza kuchagua timu. Kwa miaka 20 na kitu hawa mabinamu walielewana vizuri sana. Barbarossa yupo Italia, Heinrich anaachiwa kaskazini afanye anavotaka, wakubwa wengine wa Saksonia wakilalamika kwamba Simba anatumeza kaisari anawatuliza. 1168 Heinrich akamuoa Mathilde binti wa mfalme Henry wa pili wa Uingereza, 1172 akaenda kuhiji Yerusalemu na msafara mkubwa akipita Konstantinopoli, anapokelewa kama mfalme. Mbele ya nyumba yake Braunschweig kama mwaka 1166 akasimamisha simba wa shaba, kilo 880, sanamu kubwa ambayo haina kazi nyingine zaidi ya kusema hapa ni kwangu.

1176 mwanzoni Barbarossa mambo yamembana Italia, jeshi halitoshi. Akamwomba binamu yake wakutane Chiavenna, chini ya milima ya Alpi. Waandishi wa baadae wanasema kaisari alipiga magoti. Heinrich akasema nisaidie kwanza mimi, nipe Goslar. Goslar ni mji wa kifalme wenye mgodi wa fedha wa Rammelsberg mlimani pale juu. Barbarossa akakataa, Heinrich akaondoka, na tarehe 29 Mei 1176 huko Legnano jeshi la kaisari likachapwa na askari wa miji, kwa muda watu wakadhani hata yeye kafa. Mwaka uliofuata akaenda Venezia kupatana na papa.

Upande wa Heinrich unao wa kumtetea, kwanza hakulazimika kisheria kwenda na jeshi kila anapoitwa, pili miaka yote alikuwa ameshasaidia vya kutosha. Ila kiubinadamu, mtoto wa shangazi yako amekubeba miaka yote hiyo, siku kakwama unamtajia bei? Mimi ni timu Heinrich ila hapo nashindwa kumtetea.

Barbarossa hakuanza na upanga, alianza na sheria. Wale wakubwa wa Saksonia waliokuwa wanatulizwa miaka yote sasa wakaruhusiwa kushtaki. Heinrich akaitwa Worms Januari 1179, hakuja. Magdeburg, hakuja. Würzburg Januari 1180, hakuja, na hapo akanyang'anywa vyote. Aprili 1180 huko Gelnhausen Saksonia ikakatwa vipande, upande wa magharibi akapewa askofu mkuu wa Köln, uliobaki akapewa Bernhard wa Anhalt, na Septemba Bavaria ikaenda kwa Otto wa Wittelsbach, ambaye ukoo wake ulikaa pale mpaka 1918. Angalia sasa, Barbarossa kashinda lakini hajabaki na hata kipande, vyote kavigawa, kwa sababu waliomsaidia kumwangusha Simba walikuwa wanasubiri mgao. Wafaransa kipindi hicho hicho mfalme wao anakula majimbo moja moja yanakuwa yake, Wajerumani mfalme anakata anagawa.

Halafu kuna Lübeck. 1181 Barbarossa alipouzingira mji, wananchi wakamtuma askofu wao akamwombe kaisari ruhusa, kwamba kabla hatujafungua geti tunaomba twende kwanza kumuuliza Heinrich maana ndo aliyetujengea. Kaisari akawaruhusu. Wakaenda, Heinrich akasema fungueni, wakafungua. Mtu anayependa hela tu asingepata heshima hiyo toka kwa wafanyabiashara wakati kila mtu kashamkimbia. Novemba 1181 Heinrich akaenda Erfurt akaanguka miguuni kwa Barbarossa, safari hii aliyepiga magoti ni mwingine, akaachiwa Braunschweig na Lüneburg tu, na 1182 akaenda uhamishoni kwa baba mkwe wake.

Kwa ukatili usidanganywe na mashabiki wa upande wowote. Barbarossa alipozingira Crema 1159 aliwafunga mateka, mpaka watoto, kwenye mnara wa kushambulia ili ndugu zao ukutani washindwe kurusha mawe. Heinrich aliporudi 1189 wakati Barbarossa ameenda vita vya msalaba, Bardowick ile ile aliyokuwa anaipigania dhidi ya Lübeck ikamkataa, akaiteketeza, kwenye kanisa lao kuna maandishi ya Kilatini yanayosema nyayo ya simba. Na Waslavi wa upande wa Baltiki ndo waliumia kuliko wote, mkuu wao Niklot akauawa 1160, ardhi ikachukuliwa, na padri Helmold aliyekuwa anaishi huko huko akaandika kwa uchungu kwamba kwenye safari za Heinrich za vita Ukristo haukutajwa, ilikuwa ni hela tu. Kanisani wenyewe wanasema hivo. Huwezi kumsoma Heinrich ukaiacha hiyo sehemu, na mtu wa kwetu ataitambua haraka, mkataba, ushuru, misheni, ngome, mpangilio ule ule tulioujua sisi baadae.

Leopold sasa, nilisema ana kisa. Kwenye vita ya tatu ya msalaba mji wa Akka huko Palestina ulipotekwa 1191 Leopold akaweka bendera yake ukutani pamoja na za wafalme, watu wa Richard wa Uingereza, yule Moyo wa Simba, wakaitupa chini. Leopold akafunga mizigo akarudi nyumbani na kinyongo. Desemba 1192 nani anapita Vienna akiwa amejifanya mtu wa kawaida? Richard. Meli zilimgomea, ikabidi akatize nchi kavu, katikati ya ardhi ya mtu aliyemdhalilisha. Akakamatwa, akawekwa ngome ya Dürnstein juu ya mto Danube, afu akauzwa kwa kaisari Heinrich wa sita mtoto wa Barbarossa, yule yule aliyepona chooni. Fidia ikapangwa marki 150,000 za fedha, na 100,000 za kwanza peke yake ni tani 23 hivi za fedha. Leopold kwa mgao wake akajenga kuta za Vienna na mji mpya wa Wiener Neustadt. Papa akamtenga na kanisa kwa kumkamata mpiganaji wa msalaba, na mwisho wa 1194 huko Graz farasi akamwangukia, mguu ukaoza ukakatwa, akafa tarehe 31 Desemba. Na huyo Richard ni shemeji yake Heinrich Simba, kaka wa Mathilde, vijana wa Heinrich walitolewa rehani ili mjomba wao aachiwe. Unaona ukoo ulivyo mdogo.

Kama una jioni moja tu chukua Leopold. Ukimaliza hicho kisa lakini hamna zaidi, ni bango zuri ambalo nyuma yake kuna stoo ndogo.

Kuhusu walivyoisha, Barbarossa anashinda kwa sinema. Mzee wa miaka karibu 70 anaongoza jeshi toka Regensburg mpaka Uturuki ya leo, anaiteka Konya Mei 1190, afu tarehe 10 Juni anazama kwenye mto Saleph. Kaburi lake halijulikani lilipo, nyama zilizikwa Antiokia, mifupa ikapotelea huko. Heinrich alikufa kitandani Braunschweig tarehe 6 Agosti 1195, kazikwa na mkewe kwenye kanisa alilolijenga mwenyewe, unaenda unawaona wamelala pale kwa jiwe. Hadithi inasema alirudi toka Yerusalemu na simba wa kweli aliyemwokoa kwenye joka, bwana wake alipokufa simba akawa anaparua mlango wa kanisa ili aingie, na mikwaruzo mlangoni wanakuonyesha. Nimeigusa, ni mikwaruzo kweli, ya nini Mungu anajua.

Hilo la kaburi linabadilisha hata namna walivyotumiwa baadae. Barbarossa kwa kuwa hana kaburi watu wakasema hajafa, kalala ndani ya mlima Kyffhäuser ndevu zinaendelea kuota, siku moja ataamka aiunganishe nchi (mwanzoni ilikuwa inasemwa kwa mjukuu wake Friedrich wa pili, ndevu zikahamishiwa kwa babu). 1896 wakajenga pale mnara wa mita 81, chini Barbarossa anaamka, juu yake Wilhelm wa kwanza, kaisari wa Ujerumani iliyoungana 1871, juu ya farasi, maana yake ndo yeye aliyesubiriwa. Uvamizi wa Urusi wa 1941 Hitler akaupa jina la Barbarossa. Heinrich naye hakupona, 1935 Wanazi walifukua kaburi lake wakaligeuza kanisa kuwa ukumbi wao kwa sababu ya zile vita za mashariki. Kwahiyo vitabu vya zamani vya Kijerumani kuhusu hawa wawili visome kwa jicho la pembeni, kila mmoja alikuwa na chama chake.

Damu ya Heinrich ikaendelea. Mwanawe Otto akawa kaisari 1209, mjukuu wake mmoja 1235 akapewa jimbo la Braunschweig na Lüneburg, na toka hapo ukoo ukaenda mpaka nyumba ya Hannover waliopata kiti cha Uingereza 1714, mpaka Malkia Victoria. Ukitaka kucheka, 1895 Kenya inatangazwa kuwa chini ya Victoria, kilembwe wa kilembwe wa Simba, na upande wa pili wa mpaka ni Wajerumani wa yule Barbarossa mpya wa Kyffhäuser.

Ushauri wangu basi, anza na Heinrich. Ana sehemu chache, Braunschweig, Lübeck, München, Lüneburg, zote zipo unazifika kwa treni, na kupitia yeye Barbarossa anaingia mwenyewe akiwa mtu na siyo sanamu. Kama wewe ni mtu wa kanisa au sheria, au Italia unaijua, ruka nenda Barbarossa moja kwa moja hutojuta. Ukipata nafasi ya kwenda usiende Kyffhäuser kwanza. Nenda Braunschweig, ngome utakayoiona uwanjani ilijengwa upya karne ya 19 na simba wa nje ni nakala, wa kweli yupo ndani, mlipie umwone. Siku ya pili panda treni ya Goslar, kama saa moja. Mgodi wa Rammelsberg ulifungwa 1988, sasa ni makumbusho unaingia. Mbele ya kasri la wafalme kuna wapanda farasi wawili wa shaba, mmoja Barbarossa, mwingine ni Wilhelm wa kwanza, ambaye tarehe 27 Februari 1885 alitia saini barua ya kuilinda kampuni ya Carl Peters, yule mkono wa damu, na mikataba yake ya Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Heinrich hana farasi pale. Goslar aliiomba, hakupewa.